Tamko la Kutokuwa na Undugu

Kama kuna mtu aliyewahi kumwona Mama Springi akisitasita, basi mtu huyo alimfananisha. Mwanamke yule alizaliwa na majibu mdomoni. Ukimuuliza mbao ipi inafaa mguu wa kochi, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Ukimuuliza mvua itanyesha lini, atakujibu vilevile, na mvua ikikataa kunyesha atakwambia imechelewa yenyewe. Watu wa karakana walishamzoea. Walimcheka akiwa mbali, wakamtii akiwa karibu, na mambo yakaenda.

Karakana yenyewe ilikuwa uwanja mrefu nyuma ya barabara ya malori, mabanda ya mabati huku na huku, katikati njia ya kupitisha mkokoteni. Mlangoni alikaa muuza mbao. Ukiingia ndani unakutana na maseremala, kisha wachomeleaji, kisha wapaka rangi waliokuwa wamejifunga vitambaa puani, na mwisho kabisa, penye kivuli kizuri, banda la makochi la wajane wawili. Mama Springi ndiye aliyefunga mikanda na springi kwenye fremu, akivuta kamba kwa goti na kwa meno mpaka kiti kikaze, na jina likatokea huko. Mwenzake, ambaye karakana nzima ilimwita Bi Mdogo, alikaa kwenye cherehani akishona vitambaa vya kuvalisha. Hakuna aliyeweza kumaliza kochi bila mwenzake. Marehemu mume wao ndiye aliyewafundisha hivyo, kila mke nusu ya kazi, na wenye ndimi zao walisema mzee alijua sana alichokuwa akikifanya.

Asubuhi moja Mama Springi alisimama juu ya fremu ya kochi la watu watatu, nyundo mkononi, akapaza sauti ikashinda mashine ya kuranda.

"Jamani! Kesho tunakwenda kuandikisha chama. Mwenye la kusema aseme leo, kesho nitakuwa nimevaa nguo nzuri, sitaki kelele."

Chama kilikuwepo miaka mingi, lakini kilikuwa chama cha mdomo tu. Watu waliweka akiba kila wiki, wakakopeshana mtu akipata shida au akipata kazi kubwa inayohitaji vifaa, na yote yalikwenda kwa kuaminiana. Kuaminiana ni kuzuri mpaka mtu afe. Akaunti ya benki ilikuwa kwa jina la mume wao, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa uwanja. Alipofariki ghafla, ndugu zake wakakuta akaunti imenona, wakasema huo ni urithi wa kaka yao. Maseremala walilia, wachomeleaji wakatafuta wakili, na mambo yakaburuzwa muda mrefu mpaka haki za watu zikarudi. Tangu hapo Mama Springi aliapa kwamba akiba za watu hazitakaa tena kwenye jina la mtu anayeweza kuzikwa.

"Chama kikiandikishwa," alipenda kuwaeleza, "kinakuwa mtu mbele ya sheria. Kina jina lake, kinaweza kushtaki na kushtakiwa, kinaweza kumiliki mali. Ila hakina presha. Hakiamki siku moja kikaanguka chooni."

Lilikuwepo jambo la pili, ambalo hakulitangaza juu ya fremu. Alitaka uenyekiti. Aliutaka kwa moyo wote na bila aibu yoyote, kwa kuwa chama kile alikilea yeye, yeye ndiye aliyewafuata wavivu mpaka majumbani, yeye ndiye aliyewasuluhisha waliogombana. Hakujaliwa mtoto. Alitaka iwepo karatasi moja duniani, yenye mhuri, iliyoandikwa jina lake juu kabisa, na isiwepo shangazi wala shemeji wa kulifuta.

Matayarisho yalikuwa yamewatoa jasho. Katibu wao, mchomeleaji mmoja kijana aliyeitwa Cheche, ndiye aliyetumwa kuchukua mwongozo ofisini, akarudi nao ameukumbatia. Kwanza jina. Walitaka "Haba na Haba", wakaambiwa kwenye simu kwamba kila chama nchini kimeshalitaka jina hilo na wa kwanza ameshalichukua. Wakabishana siku nzima, hata rangi zikakaukia kwenye makopo, mpaka Mama Springi akasema kitaitwa Msumari na ubishi umekwisha. Kisha wakaambiwa lazima wanachama wawe na fungamano, yaani kitu kimoja kinachowaunganisha wote, kwa sababu sheria haitaki watu waokotwe barabarani. Mmoja wa wapaka rangi akasema fungamano lao ni kwamba wote wanachukiwa na mwenye uwanja. Cheche akaandika kwamba ni mafundi wa eneo moja la kazi.

Palikuwa na masharti ya chama, ambayo kila mtu alidai yaandikwe kwa manufaa yake, na palikuwa na upembuzi yakinifu. Neno hilo Cheche alilitamka kwa heshima kubwa hivi kwamba seremala mzee aliuliza kama linatibika. Ilikuwa tu hesabu ya kuonyesha kuwa chama kitaweza kusimama chenyewe na hakitazimika mwaka wa kwanza. Waliiandika, wakaifuta, wakaiandika tena. Mwisho wakapendekeza viongozi wa muda: Mama Springi mwenyekiti, Cheche katibu, Bi Mdogo mweka hazina. Hapo hapakuwa na ubishi hata kidogo.

Kesho yake wakaenda, watatu hao, Mama Springi mbele.

Afisa wa ushirika alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, sauti yake ya chini hata ikabidi wamwinamie. Alisoma kila ukurasa. Hakuruka hata ule wa upembuzi. Mama Springi alikaa wima akimtazama kama mzazi anayemtazama mwalimu akisahihisha daftari la mwanawe.

"Mmejitahidi," Afisa alisema mwishowe. "Wengi wanakuja hapa na karatasi moja na dua. Nyinyi mmefanya kazi."

"Sisi ni mafundi, mama," alisema Mama Springi. "Hatupeleki kochi kwa mteja halijakazwa."

"Nimeona. Kilichobaki ni mkutano wa waanzilishi. Nitakuja mwenyewe kuushuhudia, mtapitisha masharti na kuchagua viongozi mbele yangu. Ila nina swali moja la kawaida. Katika hawa mnaowapendekeza, wapo wenye undugu?"

"Hata kidogo," alisema Mama Springi.

"Ndiyo," alisema Bi Mdogo.

Majibu yalitoka pamoja. Cheche, aliyekaa katikati, akaanza kuangalia dari kana kwamba ameitwa kuja kuitengeneza. Afisa aliweka kalamu chini.

"Mama zangu, nimeuliza swali moja tu."

"Tulikuwa wake wenza," Mama Springi alieleza haraka. "Mume mmoja, Mungu amrehemu. Sasa mume hayupo, undugu utoke wapi? Hata alipokuwepo haukuwa undugu, mama. Ilikuwa foleni."

Afisa alikaribia kucheka, akajizuia. "Na wewe, mama?"

"Huyu ni dada yangu," alisema Bi Mdogo.

"Dada wa heshima!" Mama Springi alidakia. "Si unajua, mtu akikuzidi umri unamwita dada."

"Nimeulizwa, nimejibu," Bi Mdogo alisema taratibu.

Afisa akaifunga faili. Hakuifunga kwa ubaya. Akawaeleza kwamba sheria hairuhusu ndugu wawili kukaa pamoja kwenye uongozi wa chama cha akiba. Mmoja ataidhinisha mkopo, mwenzake atautoa, na jioni wote wawili watakula sahani moja. Sasa nani atamuuliza nani? Alikuwa ameviona vyama vikizama hivyo, watu wazuri tu, wasio wezi, walioona haya kuulizana. Akawaambia waende wakakubaliane mmoja wao akae pembeni.

Njiani Mama Springi alitembea kwa hasira hata Cheche akaona afadhali akanunue vijiti vya kuchomelea, ambavyo hakuvihitaji. Wajane wakabaki wawili.

"Umeniponza," Mama Springi alisema. "Kazi yote ile! Neno moja tu lilitakiwa, 'hapana', neno ambalo hata mtoto mchanga analijua, likakushinda."

"Basi mimi nitakaa pembeni, dada. Mweka hazina atafutwe mwingine."

"Mwingine nani?"

Wote wawili walijua kwamba hayupo. Watu wa karakana waliweka akiba zao kwa sababu ya kumwamini Bi Mdogo. Wakati ule wa msiba, mashemeji walimfuata faraghani wakamwambia aseme tu kwamba akiba ile ilikuwa ya marehemu, naye atapewa fungu lake nono, yeye na wanawe. Alikuwa na watoto wadogo na hakuwa na akiba ya sukari ndani. Alikataa. Habari ilizunguka uwanja mzima kabla ya jua kutua, na tangu siku hiyo hakuna fundi aliyekubali akiba yake ishikwe na mkono mwingine. Bi Mdogo akitoka kwenye hazina, nusu ya wanachama wangetoka naye, na chama kingekosa hata idadi ya waanzilishi inayotakiwa.

Kwa hiyo ama Mama Springi akae pembeni, ama undugu ufe. Na kukaa pembeni hakukuwa katika mambo aliyofundishwa.

"Ungeweza kusema hapana," alirudia, safari hii kwa sauti ya chini zaidi.

"Nilishasema ndiyo mbele za watu, dada. Unakumbuka wapi."

Alikumbuka. Hata angetaka kusahau asingeweza. Mara tu matanga yalipokwisha, mashemeji walikuja bandani, na muuza mbao, naye ndugu wa marehemu, ndiye msemaji wao. Alisimama katikati ya makochi ambayo hayajavalishwa, akamwambia Mama Springi: wewe hapa huna mtoto, huna undugu na mtu, mwenye watoto atabaki na wewe urudi kwenu. Mama Springi, yule aliyezaliwa na majibu, siku hiyo alikuwa na kamba mdomoni na machozi kooni, hakuweza kutoa hata moja. Bi Mdogo ndiye aliyeinuka kwenye cherehani, mtoto mgongoni. Alisema, "Huyu ni dada yangu. Mkimtoa, natoka naye, na watoto natoka nao, na cherehani naibeba." Mashemeji wakatazamana, wakatazama makochi ya wateja ambayo hakuna wa kuyamaliza, wakaondoka. Muuza mbao akarudi kwenye mbao zake pale mlangoni, na kwa kuwa maisha hayana adabu, siku zikapita wakaanza kusalimiana, akawauzia mbao, akajiunga hata na chama.

Mama Springi hakuwahi kumshukuru mwenzake. Angeanzia wapi? Miaka mingi kabla ya hapo alikuwa amemnunia binti huyu tangu siku alipoletwa, akamficha funguo, akamwita mgeni mbele ya wageni. Alijiambia kwamba yale yalikuwa maneno ya msibani, na maneno ya msibani husemwa na watu wenye njaa na usingizi. Alijiambia hivyo hata siku hiyo barabarani, kisha akaongeza mwendo.

Lakini Mama Springi ni Mama Springi. Haikupita muda akawa amemkalisha Cheche juu ya ndoo ya rangi, akamwamuru asome kanuni upya, pole pole, kifungu kimoja kimoja, hasa kile cha undugu. Cheche akasoma: mume au mke, mzazi, mtoto, kaka au dada wa kuzaliwa tumbo moja au baba mmoja...

"Endelea."

"Imeishia hapo, mama. Nukta."

"Mke mwenza hayumo?"

"Hayumo."

Mama Springi alipiga kofi kubwa la furaha hata paka wa wachomeleaji akakimbia. Alimpigia Afisa simu hapo hapo, akaweka sauti ya wazi ili karakana isikie ushindi ukiingia. Afisa hakushtuka. Alisema ni kweli, hakutajwa, na alikuwa akisubiri waulize.

"Ila moja ya majibu niliyopewa ofisini ni ndiyo," alisema. "Siwezi kujifanya sikusikia. Nitahitaji tamko la kutokuwa na undugu. Nyote wawili, mbele ya mkutano, kwa mdomo na kwa saini. Mkishatamka hivyo, sina kizuizi."

"Hilo tu, mama?"

"Hilo tu."

Uwanja ukashangilia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, seremala mzee alisema, na huyu mama ameinama mpaka amekipata. Mama Springi alipokea sifa zote, hakurudisha hata moja. Kisha akaenda bandani, ambako cherehani ilikuwa bado inanguruma.

"Umesikia?"

Bi Mdogo alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno. "Nimesikia."

"Ni maneno ya karatasi tu. Sheria yenyewe imesema."

"Unautaka sana uenyekiti huo, dada?"

Angeweza kuleta hadithi ya manufaa ya wanachama. Hakuileta. "Nautaka," alisema. "Wewe una wanao, watalibeba jina lako. Mimi nikifa leo, nani atajua kwamba nilipita hapa? Nautaka, Bi Mdogo, na sitakuficha."

Bi Mdogo akakikunjua kitambaa kingine. "Basi utatangulia wewe kutamka. Nami nitarudia utakachosema, neno kwa neno. Peke yangu siwezi, ila nyuma yako nitaweza."

Mama Springi akalala vizuri usiku huo, au aliwaambia watu hivyo.

Siku ya mkutano karakana ilifagiwa ikawa ngeni. Mashine zilinyamaza. Watu walikaa kwenye mbao, kwenye ndoo, kwenye makochi ya wateja yaliyokuwa bado na nailoni zake, na Afisa akapewa kochi la peke yake, jekundu, ambalo mteja wake alikuwa aje kulichukua jioni. Waliitwa mmoja mmoja, kila mtu akasema yupo. Jina likapita. Fungamano likapita. Masharti yakasomwa yote, na kwenye kifungu cha ndugu wawili kutokukaa pamoja uongozini mikono iliinuliwa mingi mno, kwa kuwa kila fundi alikuwa na shemeji yake aliyemwogopa. Kisha Afisa akatoa tamko, karatasi moja yenye mistari michache, akampa Mama Springi.

Alisimama. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri na sauti yake nzuri. Bi Mdogo akasimama kando yake, mikono ameiunganisha mbele, anasubiri.

"Mimi," Mama Springi alisoma, "mwanachama mwanzilishi ninayependekezwa kuwa mwenyekiti, natamka mbele ya mkutano huu, kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu, kwamba sina undugu wa aina yoyote..."

"Sema kwa nguvu, shemeji!" Ilikuwa sauti ya muuza mbao. Alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango, anatabasamu, na kusema kweli hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amefurahi tu, kama mtu aliyeona kesi yake ya zamani imeamuliwa upya. "Si ndilo nililosema mimi siku ile? Kwamba hamna undugu? Mkaniona mbaya!"

Wachache walicheka, waliokuwa wageni wa mambo. Wengine waliangalia chini. Mama Springi aligeuka kumtazama mwenzake. Bi Mdogo hakuwa amekasirika. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo, tayari kurudia, neno kwa neno, kama alivyoahidi. Angesema. Maneno yale yale aliyowakatalia mashemeji akiwa na mtoto mgongoni, leo angeyasema kwa kuwa Mama Springi ameyataka. Na Mama Springi akaona aibu, aibu ya kweli, iliyomshika mwili mzima.

Aliikunja.

"Shemeji, asante," alisema. "Umenifaa leo kuliko mbao zote ulizoniuzia, na nyingi zilikuwa na fundo." Kisha akamgeukia Afisa. "Mama, siwezi kusoma hii. Ina uongo."

Afisa alivaa miwani. "Nikukumbushe tu, mama, sheria haikumtaja mke mwenza. Ukitamka, hutakuwa umevunja kitu."

"Najua. Mimi ndiye niliyekifukua kifungu hicho. Lakini sheria haikuwepo siku niliyoambiwa nitoke bandani mwangu. Huyu alikuwepo." Alimshika Bi Mdogo mkono, akamshika vibaya, kwa kifundo, maana hakuwa na mazoea. "Huyu ni dada yangu. Si dada wa heshima, hilo nilisema kwa ujinga. Mtu akisimama mbele za watu akasema wewe ni wake, na ana kila sababu ya kukukana, huyo ni ndugu, hata kama hamkunyonya ziwa moja. Na ndugu wawili hawakai pamoja kwenye uongozi. Mmepitisha wenyewe sasa hivi, nimeona mikono. Kwa hiyo mimi natoka. Hazina ni yake."

Karakana ikalipuka. Cheche aliinuka akakalia hewa, ndoo ikiwa imeshaanguka. "Mama, bila wewe itakuwaje?"

"Bila mimi nani? Kwani nahama? Mimi ni mwanachama, na mwanachama akiba yake ni yake na mdomo wake ni wake. Hata uenyekiti ungenibana, ningelazimika kuwasikiliza."

Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, lakini iliuma. Iliuma sana. Alikuwa ameshaiona karatasi ile yenye mhuri, akaiona ukutani, akaona mpaka msumari wa kuitundikia. Machozi yalikuja, yakamkuta bado amesimama mbele ya shemeji, yakarudi. Bi Mdogo yeye alilia hadharani bila hata kujipangusa, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Afisa aliandika muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti yake ile ya chini, kama kuna majina mengine ya mwenyekiti. Mama Springi akampendekeza Cheche kabla ya Cheche kukimbia. Muuza mbao akajipendekeza mwenyewe. Kura zikapigwa kwa siri, vikaratasi vikatiwa kwenye kopo la rangi lililosuguliwa, na zilipohesabiwa muuza mbao alikuwa na kura yake mwenyewe tu. Cheche akawa mwenyekiti. Mmoja wa wapaka rangi, mwenye mwandiko mzuri, akawa katibu. Bi Mdogo akapita bila kupingwa, na waanzilishi wote wakapanga mstari kutia saini. Mama Springi alijipanga katikati kama watu wengine, akatia yake.

Mwenyekiti mpya alikaa nyuma ya meza ya kurandia, jasho linamtoka, katibu kushoto na mweka hazina kulia. Akauliza kama kuna mwenye swali.

Mama Springi alikuwa ameshasimama. Alikuwa na swali kuhusu siku ya mkutano ujao, na la pili kuhusu wanaochelewa, na la tatu ambalo halikuwa swali bali hotuba, nayo ikaanza tangu enzi za marehemu. Cheche alimwangalia Afisa, Afisa akaangalia faili. Muuza mbao naye akasimama kule nyuma kutaka kuchangia. Ndipo Bi Mdogo alipogonga meza kwa mkono, macho bado mekundu.

"Dada," alisema, "muda wako umekwisha. Kaa chini."

Mama Springi alifungua mdomo, akaufunga. Akavuta ndoo yake, akakaa. Kisha akageuka nyuma.

"Nawe kaa, shemeji," alisema. "Hukumsikia dada yangu?"